Jina la Mkono, Jina la Mdomo

Mjini Ifakara, mtu asiyepisha kengele ya baiskeli huhesabiwa kuwa ama mgeni, ama ana kiburi. Mwalimu wa Kiingereza hakuwa mgeni, kwa hiyo watu wakamalizia wenyewe. Alitembea katikati ya barabara ya Lumemo mikono ikiwa nyuma, na vijana waliobeba magunia ya mpunga wakampigia kengele mpaka wakachoka, kisha wakamzunguka wakinung'unika. "Mzee, barabara umeinunua?" Hakugeuka hata kidogo. Ukikutana naye uso kwa uso, huyo huyo alikuwa mtu wa kwanza kukusalimu, akakuuliza habari za nyumbani, za shamba, na za kuku wako waliougua wiki iliyopita.

Mimi nilijua sababu, kwa kuwa nyumba zetu za walimu zilipakana, na madarasa yetu vilevile. Miaka kadhaa kabla sijahamia shule ile, malaria kali ilimlaza hospitali. Dawa ya kwinini iliyomwokoa ikamwachia mlio masikioni, na mlio ulipotulia sikio la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto likafuata taratibu. Alimwambia mkewe, baadaye akaniambia mimi, akaishia hapo.

"Mwalimu wa lugha asiyesikia," aliniambia, "ofisi ya elimu itampeleka wapi? Shamba la shule, akagawe majembe."

Alikuwa na darasa la saba. Kiingereza cha darasa la saba ndicho kitu pekee alichokiona kuwa chake kabisa, na aliogopa kunyang'anywa. Tabia zake nyingi zilizowashangaza watu zilitokana na hofu hiyo moja. Hakuruhusu mwanafunzi ajibu akiwa amekaa, wala akiwa ameinama. Ilibidi asimame, amtazame, afungue kinywa. Watoto walidhani ni nidhamu. Katika vikao vya walimu alikaa daima mahali ambapo mwanga wa dirisha uliwaangukia wengine usoni. Wenzetu walidhani anakwepa jua.

Jengo letu lilikuwa na vyumba vitatu chini ya bati moja, na kuta za kati hazikufika juu. Fundi aliishiwa matofali, au aliyaacha makusudi upepo upite. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa chumba cha kati. Mimi nilifundisha hesabu kwa darasa la sita upande wa kulia, na kila alichosema kilidondokea kwetu. Nilikuwa na watoto waliojua Kiingereza cha darasa la saba kuliko sehemu zangu za kumi.

Mfumo wake aliubuni mwenyewe. Kila neno la Kiingereza, alisema, lina majina mawili: jina la mkono na jina la mdomo. Jina la mkono ni neno linavyoandikwa, ukilisoma herufi kwa herufi kama Kiswahili. Kisu kwa Kiingereza ni "knife". Jina lake la mkono ni kinife. Jumatano ni wedinesidei. Watu ni peopule. Darasa zima liliimba majina hayo asubuhi, "kinife, wedinesidei, peopule", kwa mdundo wa mguu sakafuni, na alipotoa imla hawakukosa herufi. Hakuna shule jirani iliyokuwa na watoto wenye tahajia safi kama ile. Jina la mdomo lilifuata baadaye, kama muda ulibaki.

Muda haukubaki. Nami nilikuja kugundua kwa nini. Maneno aliyojifunza akiwa chuoni, kabla ya ugonjwa, aliyatamka vizuri, kwa lafudhi ya mkufunzi wake wa zamani. Yale aliyokutana nayo baada ya homa ile hakuwahi kuyasikia yakisemwa na mtu. Alikuwa nayo kwenye macho tu. Hayo hayakuwa na jina la mdomo, na akayakisia, na wakati mwingine alikisia vibaya sana.

Palipokuwa na sehemu za neno, hapo alikuwa kwenye uwanja wa nyumbani. Alianza na Kiswahili. "Mpishi, mapishi, pikia, pikika," alikuwa akisema. "Huyu mama yao ni nani?" Watoto wakapiga kelele: "Pika!" Kisha akaandika ubaoni neno refu la Kiingereza, kwa mfano "unhelpful", lenye maana ya mtu asiyesaidia. "Funika kichwa!" Mtoto mmoja akakimbia kufunika herufi mbili za mwanzo kwa kiganja. "Funika mkia!" Mwingine akafunika zile tatu za mwisho. Katikati likabaki neno fupi lenye maana ya kusaidia.

"Nani kabaki?"

"Mwenye nyumba!"

"Na hao wawili?"

"Wapangaji!"

Nimekaa kwenye semina nyingi tangu siku hizo, na nimesikia mambo ya viambishi yakielezwa na watu wenye shahada. Sidai kwamba alijua zaidi yao. Alikosea mara kwa mara. Aliona vichwa na mikia mahali ambapo havikuwepo, akawafukuza wapangaji waliokuwa wenye nyumba. Lakini watoto wake hawakuliogopa neno refu. Walilikimbilia.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Chaki aliibana mpaka ikawa punje ya mahindi, na hapohapo angempa mtoto asiyemjua kalamu yake ya wino. Herufi moja ikipotea kwenye neno la Kiingereza hakuwa na raha kutwa nzima, lakini tangazo lake la Kiswahili kuhusu kuvuna mpunga lilijaa makosa hata wanafunzi wakacheka. Nilipomwonyesha alitikisa bega. "Kiswahili hakinitishi," akasema. Tena alikuwa na redio. Jioni aliiweka magotini, akalaza kiganja juu yake kama anayempima mtoto homa, na timu yake ikifunga alijua kwa mtetemo kabla ya mkewe aliyekuwa jikoni.

Mwalimu mgeni alikuja kwa treni, msichana aliyemaliza chuo, mwenye sanduku la bati na sauti nyembamba. Akapewa darasa la tano, chumba cha kushoto. Yeye alifundishwa kwamba sauti ndiyo ya kwanza: mtoto asikie, aseme, ndipo aandike. Siku ya pili aliingia ofisi ya walimu akitokea nyuma ya Mwalimu wa Kiingereza.

"Shikamoo, mwalimu."

Mzee akafungua daftari jingine.

"Shikamoo, mwalimu!"

Mzee akaendelea kusahihisha. Binti akanitazama, macho yamejaa maji, akatoka. Nilitaka kumfuata nimwambie. Lakini siri haikuwa yangu.

Walipokuja kukabiliana, ilikuwa mezani, uso kwa uso, wakati wa uji.

"Mwalimu, watoto wako wanasema kinife."

"Wanaandika nini?"

"Wanaandika sawa."

"Basi."

"Sasa nani atawaelewa wakisema?"

"Karatasi itawaelewa. Mtihani hauna masikio, binti yangu."

Mwalimu mwenzetu mmoja, Msukuma mcheshi aliyefundisha sayansi, akacheka mpaka uji ukamwagika. "Hapo umefungwa goli, mwalimu mgeni!" Binti hakucheka. Alisema polepole, huku akikoroga uji wake, "Mtihani hauna. Ila sekondari inayo."

Alisema kweli, na ushahidi ulikuja wenyewe wakati wa likizo.

Kati ya wanafunzi waliofaulu mwaka uliotangulia alikuwepo binti wa wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao, kwao karibu na kijiji cha Mbingu. Mwalimu alimpenda waziwazi. Alikuwa mkimbiaji wa kwanza kwenye ubao, mfunikaji wa vichwa na mikia asiyeshindwa. Alikuja kutusalimu amevaa sketi ya sekondari. Mwalimu akamshika mabega, akamzungusha amwone vizuri.

"Haya, sema. Kiingereza?"

"Naandika vizuri, mwalimu."

"Najua. Na kusoma?"

Akatazama chini. Mwalimu akamwinua kidevu, kwa kuwa akitazama chini asingeweza kumsoma midomo.

"Walinisimamisha nisome kitabu mbele ya darasa," akasema. "Nikasoma kama tulivyoimba. Walicheka, mwalimu. Hata mwalimu wa huko alicheka. Sasa wananiita Kinife. Sisomi tena. Nikisimamishwa nanyamaza."

"Tangu lini?"

"Tangu muhula wa kwanza. Baba anasema kama ni kwenda kunyamaza, nirudi nichunge."

Mwalimu alimpa kalamu, akamwambia amsalimie baba, akamsindikiza hadi barabarani. Shule ilipofunguliwa, asubuhi ya kwanza chumba cha kati kilikuwa kimya. Watoto wangu waliinua vichwa kusikiliza, wakashangaa. Hawakuimba siku hiyo, wala iliyofuata.

Siku ya tatu aliniomba nimsindikize kwa mwalimu mgeni. Tulimkuta anachambua mchele kwenye ungo, mlangoni kwake. Mzee hakukaa.

"Nimekuja kusema jambo," alianza. "Mimi sisikii. La kulia limekufa, la kushoto linanidanganya. Nikikukosea salamu, ndiyo hiyo sababu."

Binti aliweka ungo chini. "Mwalimu! Mimi nilidhani unanidharau."

"Na mimi nilidhani wewe kila siku unanong'ona."

Wakacheka wote wawili, binti akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha mzee akasema alichokuja kusema: watoto wake walihitaji majina ya mdomo, na yeye hakuwa nayo. Mwalimu Mkuu asijue, ofisi isijue. Je, ule ukuta usiofika juu haungeweza kufanya kazi?

Ulifanya kazi. Yeye aliandika neno ubaoni, akagonga ukuta wa kushoto kwa kifutio. Upande wa pili binti, aliyekuwa amepewa maneno ya siku, alilitamka wazi, mara tatu. Darasa la tano likarudia, darasa la saba likarudia, na darasa langu la sita, ambalo hakuna aliyelialika, likarudia pia. Mzee alisimama mbele akitazama vinywa. Alijua kinywa kilichokosea. "Wewe, midomo imechelewa. Tena." Kisha vichwa, mikia, viganja. Neno likapata majina yake yote mawili.

Haikuwa shwari. Binti alikuwa na kipindi chake cha kufundisha, na mara nyingine kifutio kilimkuta katikati ya sentensi. "Mwalimu, subiri bwana!" alipaza sauti, na vyumba vyote vitatu vikaangua kicheko isipokuwa mtu mmoja. Mimi nililalamika kuhusu sehemu za kumi. Lakini wiki zilivyosonga nikaanza kusikia kitu kipya juu ya ukuta: watoto wa darasa la saba wakisoma ukurasa mzima, na mtu akawaelewa.

Mkaguzi alifika masika, kwa pikipiki, amejaa tope hadi magotini. Mwalimu Mkuu alitutangazia alichokuja kutafuta: kusoma kwa sauti. Mwalimu wa Kiingereza asiyeweza kufundisha matamshi angebadilishiwa somo. Mzee alimtazama Mkuu midomo hadi neno la mwisho, akakunja shati mikono, akaenda darasani.

Mkaguzi alikaa dawati la nyuma. Mimi niliwapa watoto wangu kazi ya kuandika, nikasimama mlangoni kwangu, mahali ambapo niliweza kuona mlango wake ulio wazi. Kifutio kikagonga ukuta. Sauti ya binti ikapanda juu, ikashuka upande wetu. Darasa likajibu. Mkaguzi akatazama ukuta, akatazama dari, akaandika kitu. Akatabasamu kidogo. Nikaanza kupumua.

Ndipo mvua ikashuka.

Aliyekaa Ifakara anaijua mvua ile juu ya bati. Haikuzuii tu kuwasikia wengine. Inakuondolea hata sauti yako mwenyewe. Shule nzima ilifanya ilivyozoea kufanya: walimu wakafunga vitabu, watoto wakaegemeza vichwa kwenye madawati. Mwalimu mgeni alitokea mlangoni kwake, akanipungia mikono kwa kukata tamaa. Hakuna ambacho angeweza kupitisha juu ya ukuta.

Mzee aliendelea kufundisha.

Aliiona mvua, dirisha lilikuwa mbele yake. Lakini miaka ilikuwa imepita, na nadhani alikuwa amesahau kelele yake. Kwake mvua ilikuwa maji tu. Aliona vinywa havijibu baada ya kugonga, akasubiri kidogo, akadhani binti ameitwa ofisini. Basi akaendelea bila yeye. Alizungumza kwa sauti ileile ya kila siku, na hakuna kiumbe aliyesikia hata silabi. Watoto hawakuonyesha kushangaa. Walikuwa wamemtazama usoni mwaka mzima, waliusoma uso. Aligusa paji lake, mtoto akakimbia kufunika kichwa cha neno. Aligusa kiuno kwa nyuma, mwingine akafunika mkia. Neno la pili, la tatu. Mikono ikainuliwa, mtu akachaguliwa, akakosea, akasahihishwa, wenzake wakamcheka bila sauti yoyote. Nilisimama barazani nikilowa miguu, na sikuingia ndani. Somo zima likaendelea ndani ya kelele ile kama samaki ndani ya maji.

Mkaguzi alikuwa ameacha kuandika. Alimtazama mtu anayezungumza kwa upole chini ya bati linalonguruma, na nikaona alivyoelewa.

Mvua ilipokata, aliinuka, akapita kando ya madawati, akasimama nyuma ya mzee aliyekuwa akifuta ubao.

"Asante, mwalimu," akasema.

Mzee akaendelea kufuta. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole polepole, na mzee akageuka, akaukuta uso wa mkaguzi karibu sana na wake.

Ofisini mkaguzi alizungumza naye akimkabili, neno kwa neno, na kwa hilo nilimheshimu. "Mwalimu, nimezunguka wilaya hii yote. Mvua ikinyesha hakuna anayefundisha. Leo nimemwona mmoja. Lakini hawa watoto kesho watatakiwa kusema, na wewe huwezi kujua wamesema nini. Nifanyeje?"

"Fanya unavyopaswa kufanya," mzee akajibu.

Kiingereza cha darasa la saba kikaenda kwa mwalimu mgeni. Mzee akapewa kilimo na shamba la shule. Binti alimbembeleza aje kila Ijumaa kwa vichwa na mikia, na mwanzoni alikuja. Watoto walishangilia. Kisha akapunguza, kisha akaacha. Nilipomuuliza alisema darasa likiwa na walimu wawili wa somo moja, watoto humtazama mmoja tu, na inafaa wamtazame anayesikia. Baada ya msimu mmoja wa mpunga aliomba kustaafu mapema, wakavuka mto yeye na mkewe kwenda Lupiro, kwa ndugu zake wa Kindamba.

Ilipita miaka kabla sijamfuata. Nilivuka kwa pantoni na baiskeli yangu, nikafika kwake saa za asubuhi. Mkewe alinipokea kwa kelele za furaha, akanielekeza mashambani. "Yuko kwenye palizi, shemeji. Usimwite bure, mfuate tu mpaka akuone."

Nilimkuta ndani ya jaruba la mpunga, amejikunja, maji hadi kwenye vifundo. Nikasimama juu ya tuta, mbele yake, hadi aliponyanyuka. Alikuwa amekonda, mvi zimejaa. Alisema jina langu la kazi, "Mwalimu wa Hesabu!", kwa sauti iliyopanda na kushuka isivyo kawaida, sauti ya mtu asiyeisikia tena. La kushoto nalo lilikuwa limekwenda. Tulizungumza hivyo hivyo, yeye majini, mimi tutani, nikiyatamka maneno taratibu: nani kahama, nani kafariki, ukuta ule umejengwa hadi juu sasa. Hilo la ukuta lilimchekesha.

Kisha akaacha kucheka.

"Yule binti wa ng'ombe," akasema. "Nimewaza sana. Nilimharibu?"

Hakuna namna ya kumdanganya mtu aliyeishi kwa kusoma nyuso. Nikamwambia kweli.

"Walimcheka muda mrefu, mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo aliokuwa akiutarajia. Akageuka, akainama, akaanza kung'oa magugu akielekea upande wa pili wa jaruba, mgongo wake kwangu.

Nilikuwa bado sijamaliza. Nilikuwa nimeleta sehemu ya pili kutoka ng'ambo ya mto: kwamba baba yake hakumtoa shule, kwamba mwalimu mgeni alimkalisha likizo mbili mfululizo akimpa majina ya mdomo, moja baada ya jingine, kwamba nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne, nikamsikia kwa masikio yangu akiwasomea wazazi na wageni hotuba ya Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna aliyecheka.

"Mwalimu!" niliita, kama mjinga. Nikaita tena.

Aling'oa gugu, akalitupa tutani, akasogea mbele zaidi.

Nikalaza baiskeli, nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia majini kumzunguka.